Vinsenti wa Paulo hakuwa mzee wa kugawa mikate tu

Ndugu Mhariri,

Kila ikikaribia Septemba 27, sikukuu yake, naona watu wanamsifia Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kwa maneno yaleyale, mara alipenda maskini, mara alikuwa na moyo laini, basi wamemaliza. Jamani, huyu mtu tunamfanya mdogo kuliko alivyokuwa.

Kwanza hakuzaliwa mtakatifu. Ni mtoto wa wakulima wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, akapata upadre mwaka 1600 akiwa bado kijana kabisa na mwenyewe alikuwa anatafuta cheo chenye kipato ili mambo ya kwao yakae sawa. Na uzeeni alikiri kwamba alipokuwa shuleni baba yake alikuja kumwona, mzee wa watu anachechemea na nguo zake duni, yeye akakataa kutoka kuongea naye kwa aibu! Mimi hapo ndipo nilipoanza kumpenda, maana aibu ya namna hiyo wengi tunaijua ila hatusemi.

Sasa njoo 1617, yeye ni paroko wa Châtillon, hukohuko Ufaransa. Jumapili anajiandaa kwa misa, anaambiwa kuna familia nyumba iko pembeni huko, wote wanaumwa, hakuna wa kumpa mwenzake hata maji. Akalisema kwenye mahubiri. Jioni anaenda mwenyewe anakuta njiani akina mama wamejaa, wengine wanaenda wengine wanarudi, wengine wamekaa kando ya barabara wanapumzika kwa joto, ungedhani ni maandamano ya sikukuu. Padre mwingine angefurahi akaenda kulala. Yeye akajiuliza, hivi chakula chote hiki leo, kesho watakula nini?

Ndo akawakusanya wale akina mama wakapanga zamu, kila mmoja na siku yake, na kanuni ikaandikwa mpaka vitu vidogo vidogo: ukifika msalimie mgonjwa kwa uchangamfu, mwandalie meza, mnawishe mikono, mkatie nyama, mbembeleze ale kama mwanao. Halafu kuna sehemu moja huwa naisoma narudia, inasema anza na mgonjwa mwenye mtu wa kukaa naye, yule aliye peke yake mweke mwisho, ili ukae naye zaidi. Nani anafikiria hivyo?

Hayo mengine yote, shirika la mapadre 1625, masista wa Mabinti wa Upendo aliowaanzisha na mjane Louise de Marillac 1633, kuwatunza watoto wachanga waliotupwa Paris, kwangu naona yametoka kwenye ile zamu ya Châtillon. Hata kile chama cha walei, yaani waumini wa kawaida wasio mapadre wala watawa, chenye jina lake hakukianzisha yeye, kilianza 1833, akina Frédéric Ozanam, yeye ameshakufa toka 1660.

Nasema haya kwa sababu kikundi chetu cha sala kilimtembelea mama mmoja mgonjwa, tulikwenda Jumapili watu kumi na moja kwa mpigo, chumba hakitoshi, wengine tumesimama mlangoni, tukaimba tukapiga picha. Jumanne jirani yake akapiga simu kuuliza kama kuna mtu wa kumletea uji, hakuna aliyekuwa na nafasi. Nilimsikia Vinsenti anacheka kabisa.

Tumeshaandika majina kwenye daftari, mhariri. Siku yangu mimi ni Jumatano.

Msomaji wenu wa siku nyingi