Barua kwa Wafula: yule kijana wa nne na nusu

Houston, Texas
2 Mei 2025

Kwako Wafula,

Salamu nyingi, wewe na wa nyumbani. Swali lako ndilo watu wa Texas wanalobishania tangu drafti iishe wiki iliyopita, yaani ile zamu ya timu za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, kuchagua wachezaji wa vyuo: Shemar Stewart wa Texas A&M alichukuliwaje wa 17, tena na timu ya Cincinnati, na huku kwa misimu mitatu chuoni alimwangusha kwotabeki, yule mrusha mpira wa wapinzani, mara nne na nusu tu? (Hiyo nusu usiicheke. Wakimwangusha wawili kwa pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu.) Moja na nusu 2022, moja na nusu 2023, moja na nusu tena 2024. Na huyu ni mtu anayepangwa ukingoni mwa ulinzi, ambaye kazi inayomlipa ni hiyo hiyo ya kumfikia kwotabeki.

Walichokipenda kilionekana kwenye majaribio ya Indianapolis, ambako timu huwapima vijana kabla ya drafti. Urefu kama mita 1.96, uzito kilo 121, na yadi 40, ambazo ni mita 36 na ushee, akazimaliza kwa sekunde 4.59. Akaruka juu inchi 40, mita moja hivi. Wewe uliyecheza nambari nane kwenye raga unajua mtu wa kilo 121 anavyojivuta dakika ya sabini. Huyu mbio zake mawinga wengi wangezitamani.

Huku makocha wanaamini kwamba ufundi unafundishika, mwili haufundishiki. Si upuuzi. Danielle Hunter, ambaye sasa yuko hapa Houston, alitoka chuo cha LSU na nne na nusu hizo hizo. Minnesota wakamchukua wa 88 mwaka 2015, na kufikia 2019 hakuna aliyewahi kuwaangusha makwotabeki mara 50 akiwa na umri mdogo kama wake. Ziggy Ansah, Mghana wa chuo cha BYU, naye alikuwa na nne na nusu. Detroit wakamchagua wa tano mwaka 2013, na 2015 akawaangusha makwotabeki mara 14 na nusu.

Wanaomtetea Stewart hutaja hao wawili kisha wananyamaza, na hapo ndipo mimi nawakatalia. Ansah alianza kucheza mchezo huu 2010, akiwa tayari chuoni. Zile nne na nusu zilikuwa za mtu ambaye bado alikuwa anajifunza sheria. Stewart amelelewa ndani ya mchezo, Miami, na alipomaliza shule alikuwa miongoni mwa vijana waliogombaniwa sana na vyuo nchi nzima. Idadi ni moja, lakini haisemi jambo moja.

Halafu kuna Vernon Gholston, ambaye hakuna shabiki wa Jets, timu ya New York, anayetaka kumsikia. Akiwa chuo cha Ohio State, 2007: mara 14. Mwili nao alikuwa nao, nguvu na mbio. Jets wakamchukua wa sita mwaka 2008, akakaa nao misimu mitatu bila kumwangusha kwotabeki hata mara moja. Kwa hiyo hata ukiwa na takwimu na misuli kwa pamoja, bado unaweza kununua fahali asiyelima.

Mimi nikitazama mechi huacha kuufuata mpira, nakaza macho kwake. Kwotabeki hukaa na mpira sekunde mbili na nusu hivi, basi hatua ya kwanza ni nusu ya kazi, na ya Stewart ni kali. Anayemkabili husukumwa nyuma kama hana miguu. Shida huanza akizuiwa. Mikono ya yule jamaa wa mbele ikishamshika kifuani, Stewart hana mpango wa pili. Anaendelea kusukuma tu. Na mara nyingine anafika kabisa, halafu anapitiliza, kwotabeki anainama na kutoka. Kulikosa windo mlangoni ni kosa lisiloonekana kwenye takwimu, na sidhani linatibika kirahisi kama wanavyodai.

Dhidi ya wanaokimbia na mpira, lakini, ni mzuri tangu siku ya kwanza, na hilo watu hawalisemi vya kutosha. Mwenzake wa chuo, Nic Scourton, aliyeangusha mara 10 akiwa chuo cha Purdue mwaka 2023, alisubiri hadi wa 51. Ningekuwa Cincinnati ningemchukua Stewart raundi ya pili bila kusita, si ya kwanza. Ila wao wana Trey Hendrickson, aliyeongoza ligi nzima msimu wa 2024 kwa 17 na nusu, na anataka mkataba mpya. Akiondoka, kijana atatupwa majini kabla hajajua kuogelea.

Kuhusu mpwa wako na ndoto yake ya kuvuka kutoka raga: mwambie asome habari za Daniel Adongo wetu. Mwaka 2013 Colts, timu ya Indianapolis, walimsajili moja kwa moja kutoka raga, hajawahi kucheza futiboli ya chuo, wakamweka nafasi hizi hizi za ukingoni. Alicheza mechi chache, 2015 wakamwacha. Mwili ulimfungulia mlango, lakini hakupata ile miaka ya chuo ya kujifunza ufundi wa mikono. Kama mpwa ana miaka 17 na chuo cha huku kitamkubali, muda anao. Kama ana 23, abaki kwenye raga.

Nitumie video zake, lakini zile za mechi alizofungwa.

Wako,
Mutiso