Wagonjwa wa kiharusi wasirudishwe nyumbani na dawa tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mgonjwa wa kiharusi presha ikishuka anaruhusiwa na mfuko wa dawa, habari ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, haitajwi, basi nyumbani ndugu wanamkanda na mafuta ya nazi na wakimnyanyua wanavuta ule mkono uliopooza, wakati bega la upande ule halivutwi kabisa, linaweza kuchomoka na maumivu yake ni makali kweli. Kukanda kunasaidia, misuli inalegea na maumivu yanapungua kwa muda, sikatai, ila kukanda peke yake hakumrudishi mtu kutembea, hapo yanatakiwa mazoezi ya kurudia rudia kila siku na miezi ya mwanzo ndo ya kuwahi. Tena jamani mguu mmoja ukivimba ghafla na una joto msiukande, inaweza kuwa damu imeganda, ikikatika inakimbilia kwenye mapafu, muwahini hospitali.

Hospitali ya KCMC pale Moshi wanafundisha wataalamu wa fiziotherapia miaka mingi tu, sasa waajiriwe mpaka hospitali za wilaya, na anayemuuguza mgonjwa aonyeshwe mazoezi kabla hajapewa karatasi ya ruhusa.

Msomaji wako, Morogoro