Chumba kidogo sio tatizo, tatizo uani mmeshajenga

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na wenzako hapo ofisini. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua maana juzi mlitoa makala ya vile vijinyumba vya Marekani, taini hausi, vingine viko juu ya matairi kabisa, na mwandishi wenu akamalizia kwa kutushauri eti vijana wa Dar nao wajifunze kuishi sehemu ndogo. Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akaniangalia. Kule kwao nyumba ikiwa futi za mraba 400 kushuka chini ndo inahesabika ndogo, sasa fanyeni hesabu, chumba changu mimi ni futi kumi kwa kumi na mbili, yaani 120, kwa hiyo hicho kijinyumba chao mnachokionea huruma kinaingia vyumba vitatu vya hapa Tandika na chenji inabaki, na humo ndani wanakaa watu wawili na mbwa.

Sisi kwenye chumba kimoja tuko wanne. Na wala silalamiki kwa hilo, nataka tuelewane mapema. Kuishi padogo tunajua, tena tunajua sana. Kitanda tano kwa sita kimepandishwa juu ya matofali ili uvunguni iingie mabegi ya nguo, ndoo za maji, unga, viatu na ile pasi ya mkaa ambayo mama mkwe hataki itupwe. Pazia linakata chumba katikati, huku sisi huku watoto. Kabati la vyombo mgongo wake ndo ukuta wa "sebule". Cherehani yangu iko mlangoni, mchana nafanyia kazi, usiku nafunika kitambaa inakuwa meza ya kuwekea chakula, na watoto wakitaka kulala tunatandika godoro chini, asubuhi linakunjwa linasimamishwa nyuma ya mlango. Hakuna mtu aliyekuja kutufundisha haya.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Hicho chumba kidogo zamani kilikuwa kinakalika kwa sababu ulikuwa hukai chumbani. Chumbani ulikuwa unalala tu. Nyumba zetu hizi za Kiswahili za kina Ilala, Keko, Temeke, Magomeni, na Kariakoo kabla haijapandishwa maghorofa, zilikuwa na mpango wake na ule mpango una akili kuliko tunavyoudhania, korido katikati, vyumba vitatu kulia vitatu kushoto, mbele baraza, nyuma uani, na huko uani ndo kuna choo, bafu, jiko, stoo na kamba za nguo. Maisha yenyewe yalikuwa huko. Mnapika nje moshi unajiendea juu, mtu anasukwa, mwingine anachambua mchele, mtoto anaogeshwa kwenye beseni, mkigombana mnagombana mbele za watu kwa hiyo ugomvi haufiki mbali. Wanaume wako barazani na bao lao na kahawa. Ukipigwa msiba wanawake wanakaa uani wanaume mbele, kila kitu kina pahala pake. Kwa hiyo mpangaji alikuwa analipia futi kumi kwa kumi na mbili lakini anaishi kwenye kiwanja kizima.

Leo nenda kaangalie. Mbele baraza limekatwa zimewekwa fremu, moja ya wakala wa miamala, moja saluni, moja anauza chipsi. Nyuma uani pamejengwa vyumba viwili, mara vitatu, mara vinne, bati limeshushwa mpaka ukutani kwa jirani. Palipobaki ni kichochoro ambacho watu wawili wakikutana na ndoo lazima mmoja arudi nyuma. Dirisha langu lilikuwa linafunguka uani, sasa hivi linafunguka kwenye ukuta, nikinyoosha mkono naugusa. Kiangazi kile cha Januari na Februari feni inazungusha hewa ileile ya jana. Halafu kupikia wapi? Ndo hapo watu wameingiza majiko ndani, wengine mtungi wa gesi wa kilo sita uko hapo hapo jirani na pazia la kitanda, wengine jiko la mkaa koridoni, na mvua ikinyesha wanaliingiza chumbani wanafunga na mlango, jambo ambalo linaua kimyakimya na kila mtu analijua na bado linafanyika kwa sababu hakuna pengine pa kupikia.

Na choo. Jamani choo. Nyumba iliyochimbiwa shimo la wapangaji wa vyumba sita sasa ina vyumba kumi, na sehemu nyingine hilo shimo lenyewe limejengewa chumba juu, likijaa gari la kunyonya majitaka haliwezi kufika hata kwa bomba refu. Kwa hiyo inasubiriwa masika. Mvua ile kubwa ya Aprili ikikaza wenye nyumba wanatapisha vyoo, uchafu wote unaachiwa utembee na maji mtaani, watoto wanapita humohumo kwenda shule, kesho yake tunatangaziwa kipindupindu na kuambiwa tunawe mikono. Kunawa tutanawa. Lakini maji ya mvua nayo yatazama wapi wakati kiwanja chote kimeshapigwa zege, hakuna hata pa kupanda mchaichai?

Sitaki nionekane nawasema wenye nyumba tu. Mwenye nyumba wetu ni bibi mjane, hana pensheni, hii nyumba ndo kazi yake na ndo hospitali yake, alipojenga vile vyumba viwili vya uani alikuwa anatafuta hela ya dawa wala sio utajiri. Nyumba ya jirani ni ya urithi, ndugu watano, kila mmoja anataka chumba chake cha kukodisha. Nawaelewa. Ila kuna na wale wa kununua nyumba ya zamani, wanaijaza vyumba mpaka kwenye mpaka wa jirani, wanamkabidhi dalali funguo na hawaonekani tena, kazi yao kupokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye juu yake anakula ya mwezi mmoja kwa kukuonesha mlango. Hao sina maneno mazuri nao. Na sheria ile ya kudhibiti kodi za nyumba ilishafutwa 2005, kwa hiyo ukisema chumba hakina hewa unajibiwa kuna mwenzio anakitaka.

Watu watasema suluhisho ni maghorofa. Sawa, nakubali, mi sio mpinzani wa ghorofa. Magomeni Kota, yale maghorofa ya serikali yaliyojengwa pale zilipobomolewa nyumba za zamani za kota, zimejengwa, zimefunguliwa 2022, zimechukua kaya 644, na waliorudi pale wamestahili maana walisubiri miaka. Lakini sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 5,383,728 kwenye huu mkoa. Hizo kaya 644 ni mtaa mmoja tu wa kwetu na usiumalize. Kwa hiyo kwa miaka mingi mbele wengi wetu tutakuwa kwenye vyumba hivihivi vya kupanga, tupende tusipende, na kinachonishangaza ni kwamba kila mpango unaongelea nyumba mpya, hakuna anayeongelea hizi ambazo tumo ndani yake tayari.

Manispaa wasiniambie hawazioni. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kwa taarifa yenu anayenunua huo umeme ni mpangaji, mwenye nyumba ndo anatakiwa kurudisha hiyo hela, ila mi sijawahi kumuona anayerudishiwa. Kama serikali imeweza kuifikia kila mita ya umeme mpaka ya uchochoroni kwetu basi na vyumba vinavyoota uani wanaweza kuviona. Kibali cha ujenzi kipo kwenye sheria, na kiasi cha kiwanja kinachoruhusiwa kufunikwa na jengo nacho kipo. Mjumbe anamjua kila fundi anayeshusha tofali mtaani kwake.

Na sisemi mje na rangi nyekundu mpige X, hapana, naomba sana hapo msinielewe vibaya, mkibomoa vyumba vya uani ni sisi tutakaolala nje sio mwenye nyumba. Nachoomba ni vile vipya tu visimamishwe pale vinapoziba dirisha la mtu, na pasijengwe juu ya shimo la choo, na ibaki sehemu ya wazi hata ya kutosha majiko mawili na kamba ya nguo. Anayetaka kuongeza vyumba apande juu, asaidiwe mkopo wa riba inayoeleweka wa kusimamisha ghorofa moja, kule chini paachwe. Bibi yangu huyu ukimpa njia hiyo ataichukua, nimeshamuuliza, alisema yeye ngazi haziwezi ila wapangaji wapande tu.

Mwandishi wenu nae akitaka kuendelea na mada ya nyumba ndogo nauli ya Tandika sio kubwa, aje tu. Ila awahi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, akichelewa atakuta foleni ya choo imeshaisha na hataelewa nilichoandika.

Wenu,
Mpangaji na fundi cherehani,
Tandika, Dar es Salaam