Kwa Mama Neema, Tukuyu

Iringa, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Neema,

Bwana Yesu asifiwe, na ndaga fijo, asante sana, kwa barua yako. Huku baridi na upepo, mahindi yameshaingia ndani, watoto wazima. Mengine ya huku yatangoja.

Umejaza kurasa mbili kuhusu viazi vya Isongole vilivyoliwa na ukungu na homa ya Baba Neema isiyoisha. Halafu pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, ukaongeza kwamba hela ya mbegu ilikuwa mkopo wa kikoba, kile kikundi chenu cha kukopeshana, na mumeo hajui. Kisha unaniuliza kwa nini ukipiga magoti maneno hayatoki. Dada yangu, nadhani ulishajijibu pale pembeni. Soma Zaburi ya 32, mstari wa 3: "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa."

Wale kina mama waliokuambia ukiri ushindi tu wanakupenda, sina shaka, ila wamekurusha hatua. Fungua Zaburi ya 13, ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko matupu, "hata lini" mara nne. Wa 3 na wa 4 ndiyo maombi yenyewe. Kutumaini fadhili za Mungu kunakuja kwenye wa 5. Anayeanzia hapo anatamka ambacho moyo wake haujakifikia, ndiyo maana maneno yanamkaukia mdomoni. Na ukiishia wa 2 leo, usiogope. Zaburi ya 88 inafungwa gizani, na imo kwenye Biblia hiyo hiyo.

Fanya hivi. Amka kabla ya watoto, dakika 10 zinatosha, na uombe kwa Kinyakyusa. Kiswahili chetu cha kanisani kimejaa maneno yaliyokwisha kupangwa, "tunakuja mbele za uso wako, Baba wa rehema", mtu anaweza kuomba nusu saa asitaje jambo lake hata moja. Mwite Mungu Kyala kama ulivyomwita utotoni, umtajie magunia mangapi yameoza, deni ni kiasi gani, marejesho tarehe ngapi, nani hajui. "Bwana, wewe wajua yote" ni kweli, lakini mara nyingi ndio mlango wetu wa kutorokea. Hasira nayo itaje. Hana aliimimina roho yake hekaluni mpaka Eli akamdhania mlevi, na Mungu alimsikia.

Sasa unyenyekevu, maana hapo ndipo unaponitia wasiwasi. Umeandika kwamba wewe ni takataka, hustahili hata kuomba. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali, akajipiga kifua, lakini aliomba! Maneno 7 tu: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Farisayo alijipima na jirani akajiona bora, wewe unajipima na Mama Tumaini unajiona mbovu. Kipimo ni kile kile. Mwache Mama Tumaini na maisha yake.

Na hiyo nadhiri ya ng'ombe Baba Neema akipona, iache. Ng'ombe yupi, kwanza? Mhubiri 5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Omba kama Yesu pale Gethsemane: kwanza alitaja waziwazi anachotaka, kikombe kiondoke, ndipo akasema mapenzi ya Baba yatendeke. Wengi tunakimbilia "mapenzi yako" tukiogopa kunyimwa, na ombi lenyewe hatulitamki. Mathayo anasema mara ya tatu aliomba kwa maneno yale yale, kwa hiyo usione aibu kurudia.

Narudi kwenye kikoba. Mathayo 5:23-24, sadaka inaachwa madhabahuni kwanza, mtu anaenda kupatana. Ukishamwambia Mungu, mwambie mumeo. Usimwambie homa ikiwa juu, wala usiku. Subiri mchana, ameshakula, watoto hawapo. Mpe hesabu yote siku hiyo hiyo, maana deni linalotajwa nusu nusu linamuumiza mtu mara mbili. Usianze na viazi wala mvua. Anza na "nilikuficha", halafu umwache anyamaze akitaka kunyamaza. Kisha ombeni pamoja, hata kama ni Baba Yetu peke yake.

Homa imepungua lakini? Majibu ya vipimo yametoka? Mwenyekiti wa kikundi anajua viazi vimeoza, au naye unamkwepa njiani? Mmewahi kuongeza muda kwa mtu mwingine aliyekwama? Neema amerudi shule? Nijibu hata mistari miwili, na hayo ya pembeni safari hii yaandike katikati ya karatasi. Ijumaa nikipanda basi la asubuhi, nikukute nyumbani au kwa mama mchungaji?

Dadako,
Mama Upendo