Shukrani kwa kaka wa shati la kijani, Kibaigwa

Kaka yangu, jina lako sikuliuliza, unisamehe. Jioni ile mama alipoanguka pale soko la mahindi, wewe ulikuwa na shati la CCM, mimi na gwanda la CHADEMA. Asubuhi yake tulirushiana maneno, na yangu yalikuwa makali mno. Hukunikumbusha hata moja. Ulimbeba mama mgongoni hadi kwenye bajaji, ukakesha nami wodini, nauli ukakataa.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi Tanzania 1992. Hata kwetu wapo ndugu wasiosalimiana kwa sababu ya vyama. Msimamo wangu haujabadilika. Ila mama sasa anakula ugali na mlenda, na kila siku anauliza, "Mwanangu yule yuko wapi?" Asante sana, kaka. Karibu nyumbani.