Laptopu ya ofa bila namba kamili, tutajuaje kama ni rahisi?

Kwako Mhariri,

Assalaam aleikum. Naandika kuhusu hizi kurasa za matangazo ya laptopu, manake kila vyuo vikikaribia kufunguliwa, na tena ikifika Novemba ya Black Friday, gazeti lajaa picha za laptopu zenye bei mbili, moja imepigwa mstari mwekundu, ya pili kubwaa ya manjano, na chini yake pameandikwa "Core i5, 8GB, 512GB" basi, kwisha. Watu wa hapa Amu, yaani Lamu, wayakata hayo matangazo kwa makasi waniletea kwa saiba yangu Langoni waniuliza, hii ni rahisi? Na mimi siwezi kuwajibu, na si kwamba kompyuta sizijui, tangazo lenyewe halijasema kinachouzwa ni nini.

Core i5 ni jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kampuni ya Intel wamelitumia tangu 2009. Ndani ya jina hilo hilo kuna i5-6300U ya 2015 yenye kori mbili, yaani vitengo viwili vya kufanya kazi, na kuna i5-1235U ya 2022 yenye kori kumi. Zote ni Core i5, zote tangazo litaziandika vile vile, na muuzaji hajadanganya hata neno moja. Siku hizi imezidi kuchanganya kwa sababu Intel wameanza majina mapya, kuna Core 5 120U na kuna Core Ultra 5 125U, mtu akisikia juu juu aona ni ndugu lakini ile ya kwanza ni teknolojia ya jenereshoni (kizazi) ya 13 imepewa jina jipya na ya pili ndiyo mpya kweli. Ukiangalia tangazo laandika "Core 5" tu na wewe upande wa pili wa Kenya huku wahesabu pesa.

AMD, washindani wa Intel, nao wana yao. Juzi alikuja bi mmoja, mwanawe kapata nafasi ya chuo, kaja na tangazo la Ryzen 5, shilingi 54,999 kutoka 79,999, yaani imepunguzwa asilimia 31, na amefurahi kweli. Nikamwambia mamangu, hebu wapigie simu uwaulize namba kamili. Kijana wa dukani akamjibu "ni Ryzen 5 ya kisasa mama, ni seven thousand series." Nikaichukua simu mimi, nikamwambia geuza hiyo laptopu usome kibandiko au iwashe ufungue Setingi, akasoma 7520U. Sasa hapo ndipo mambo yalipo. Kwa hizi namba za AMD za 7000, tarakimu ya kwanza ni mwaka wa modeli, ya pili ni daraja, ya TATU ndiyo yasema ndani kuna teknolojia gani. 7520U ina 2 pale, maana yake Zen 2, ambayo ilitoka 2019, na ina kori nne. 7530U ina 3, ni Zen 3, ina kori sita. Tofauti ni tarakimu moja ambayo tangazo halikuiandika kabisa.

Afu kuna jambo jingine kuhusu hiyo 7520U. Yatumia RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile 8GB ya kwenye tangazo) aina ya LPDDR5 peke yake, na hiyo huchomelewa kwa mazabodi, yaani bodi kuu, hakuna sloti ya kuongeza. Ikija na 8GB itazikwa na 8GB. Leo kijana aandika insha na kufungua tovuti mbili tatu, sawa, yatosha. Mwaka wa tatu akianza kufungua programu za ramani au za michoro au hata Chrome yenye tabu ishirini na Meet juu yake, hana la kufanya ila kuuza anunue nyingine. Kwa hivyo je, 54,999 ni mbaya? Nilimwambia bi hivi: si takataka, itafanya kazi, skrini yake ni ya kawaida na ni mpya kwa boksi, lakini hiyo elfu ishirini na tano uliyoambiwa umeokoa usiitie kwa hesabu yako hata kidogo, wewe tafuta kwa pesa hiyo hiyo au kwa kuongeza elfu tano kama wapata yenye 7530U au i5-1235U ambayo ina sloti ya RAM, na ukiipata, hata kama haina ofa yoyote, chukua hiyo.

Watu wengi hapo ndipo wanapokwama, waona kwamba kitu kilichopunguzwa kutoka elfu 80 ni bora kuliko kitu cha bei ile ile ambacho hakijapunguzwa. Hiyo 80 nani aliilipa? Lini? Kwa duka gani? Laptopu hushuka bei zenyewe, modeli mpya zikiingia za zamani lazima zishuke, kwa hivyo bei ya siku ilipozinduliwa si bei yake ya mwezi uliopita. Kule Ulaya, tangu Mei 2022 sheria ya Umoja wa Ulaya yasema duka likitangaza punguzo lazima lionyeshe bei ya chini kabisa waliyouzia ndani ya siku 30 zilizopita. Ukiongeza bei wiki moja kabla ya ofa ili uje uipunguze, utaumbuka. Huku kwetu tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inayokataza maelezo ya uongo kwa mnunuzi, na Katiba kifungu cha 46 chasema mnunuzi ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa kikamilifu. Habari anazohitaji, Mhariri. Core i5 si habari.

Ni kama kuuziwa samaki amefungwa ndani ya gazeti, waambiwa ni changu, ni wa leo, lakini ukitaka kufunua mashavu uone kama ni mekundu waambiwa lipa kwanza.

Diski nayo. 512GB SSD ya aina ya NVMe, zile diski za kasi, ni kitu kizuri na zimekuwa za kawaida, sina neno. Lakini zile ofa za chini kabisa, za elfu ishirini na kitu, mara nyingi utakuta 64GB eMMC, diski ya polepole, na prosesa ya Celeron N4020 ya kori mbili na RAM ya 4GB, Windows 11 yenyewe yasema chini kabisa yataka hiyo 64GB na hiyo 4GB, sasa fikiria umeanzia pale pa chini kabisa, sasisho moja mbili diski imejaa, mashini yafungua Word mpaka chai yapoa. Hizo kwangu hata kwa diskaunti ya asilimia 50 simshauri mtu. Pia angalia kama tangazo lina neno DOS au FreeDOS mahali, huwa limeandikwa kwa herufi ndogo za sisimizi, maana yake Windows haimo na utainunua kando, ile bei si bei.

Skrini watu hawaiulizi kabisa na ndiyo utakayoiangalia kila siku. Uliza kama ni IPS, aina isiyogeuza rangi ukiiangalia kwa upande, na kama ni 1920 kwa 1080, yaani idadi ya vitone vya picha. Bado kuna laptopu za kati zauzwa na skrini aina ya TN ya 1366 kwa 768, ukiinamisha kidogo rangi zageuka. Na uangavu, nyingi za bei hii ni niti 250, ndani ya chumba ni sawa, ila ukikaa nazo barazani saa nne asubuhi wajiona uso wako mwenyewe. Kwetu ambako nyumba za kale zina vyumba vya giza na joto na kila mtu ataka kukaa nje penye upepo, hilo si dogo.

Na hapa nije kwa kitu ambacho magazeti ya Nairobi hayawezi kukijua wakipanga hizo kurasa. Bei ya Nairobi si bei ya Lamu. Waranti ya mwaka mmoja ni ya maana kama kituo cha kutengeneza kiko barabara ya pili. Mtu wa Amu laptopu ikimzimikia mwezi wa nne, aipeleke jeti, yaani gatini, boti mpaka Mokowe, basi lipite Hindi, Witu, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa, au aitume kwa parseli aombe Mungu isikalie chini ya gunia la maembe, afu asubiri, afu arudishiwe aambiwe "tumeiangalia haina shida". Nauli na usumbufu huo utie kwa bei ya ofa. Mimi kwa sababu hiyo napenda laptopu ambazo fundi wa hapa hapa aweza kuzifungua: zenye betri inayopatikana, zenye sloti ya RAM, zenye kuchaji kwa USB-C manake chaja ya USB-C ya wati 65 waweza kuazima hata kwa jirani, lakini ile chaja ya pini nyembamba ya modeli moja tu ikiungua basi wangoja Mombasa. Hewa ya chumvi nayo yala kila kitu, tundu za USB zashika kutu, feni zaganda, mashini ambayo bara ingekaa miaka saba huku usiipigie hesabu hiyo.

Kwa mahesabu yangu mimi huwaambia watu wagawanye kwa miaka. Laptopu ya elfu 36 ikikufia baada ya miaka miwili umelipa elfu 18 kwa mwaka. Ya elfu 60 ikikaa miaka mitano umelipa elfu 12. Ile ya elfu 36 ilikuwa ndiyo ghali, ofa au si ofa.

Kuna wale watasema basi achana na mpya kanunue za mtumba, zile zaitwa ex-UK, zilizotumika Uingereza. Mimi siwapingi, kwa mwanafunzi mwenye bajeti ya chini mara nyingi hiyo ndiyo njia. ThinkPad T480 kwa mfano ni ya 2018 lakini ina sloti mbili za RAM, betri moja ya nyuma waitoa kwa mkono, kibodi ya kweli. Lakini nayo yataka macho. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel yakubali rasmi kuanzia jenereshoni ya 8, isipokuwa chache sana za 7. Kwa hivyo zile EliteBook 840 G3 zilizojaa madukani zenye i5 ya jenereshoni ya 6, ambazo sasa zashushwa bei kila wiki, zashushwa kwa sababu. Zaweza kutiwa Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, zikafanya kazi vizuri tu, mimi ninazo mbili hapa saiba za Linux za wateja wa kuprinti, lakini usimuuzie mzazi ukamwambia ni sawa na mpya. T480 nazo baadhi zaja na prosesa ya jenereshoni ya 7, na baadhi zina ile skrini mbovu ya TN, kwa hivyo tumerudi pale pale, soma namba.

Na ya mtumba usilipe kabla ya kuona betri. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, itakuandikia ripoti, tazama uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake sasa. Ikiwa ilikuwa 42,000 na sasa ni 25,000 betri imebaki na kama asilimia 60, na hapa stima yakatika bila hodi, hiyo yakuhusu. Muuzaji akikukataza kuifungua, rudisha pesa yako mfukoni, mengine yapo.

Sasa ombi langu, Mhariri, si kwa wauza laptopu, najua hawatanisikiza. Ni kwa dawati lako la matangazo. Mwenye duka akileta tangazo la ofa, mwambieni aandike prosesa kwa namba yake yote mpaka ile herufi ya mwisho, aseme RAM yaongezeka au haiongezeki, aina ya skrini, kama Windows imo, na hiyo bei iliyokatwa mstari aliuzia mwezi gani. Akikataa mojawapo, mwandikie pale pale "haijatajwa" ili msomaji ajue. Msinijibu kwamba nafasi ni ndogo, ile picha ya laptopu huwa yachukua nusu ukurasa na kwa skrini yake hamna kitu ila mlima wenye theluji.

Wako,
Mwenye saiba,
Langoni, Lamu