Rehema, nakuamini hukula usiku

Rehema mwenzangu,

Salamu nyingi sana. Natumai u mzima, shemeji mzima, na watoto wote hawajambo. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama naye anaendelea, habari zake utazisoma mbele. Najua nimekukalia kimya tangu harusi ya Zainabu. Ujumbe wako ulinikuta katikati ya mambo mengi, nikasema nitajibu kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Nisamehe.

Juzi usiku nilifungua tena ile picha ya majibu yako ya vipimo. Nikaikuza, nikachukua kalamu na karatasi, nikapiga hesabu moja niliyofundishwa mwaka jana. Tangu hapo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Soma mpaka mwisho kabla hujanipigia simu, nakujua.

Nianze na kesi yako na shemeji. Umeniambia unalala na sukari 7, unaamka na 9 na ushei, naye anashikilia kwamba unaamka usiku wa manane kufungua jokofu. Mwambie nimesema mimi: mwizi ni ini. Ini ni ghala la sukari. Likijaa linabeba kama gramu 100, zimefungwafungwa katika umbo linaloitwa glaikojeni. Ukilala, ubongo hauachi kula, kwa hiyo ini linatoa sukari kidogo kidogo usiku kucha, na ghala likipungua linatengeneza mpya kutokana na protini na vitu vingine vya mwilini. Insulini ndiyo inayoliambia basi, imetosha. Kwa sisi wenye kisukari cha aina ya pili, ini huwa gumu la kusikia. Linaendelea kumimina tu. Na kukaribia alfajiri kuna homoni za mwili zinazolisukuma limimine zaidi. Ndiyo maana unaweza kulala bila kutia kitu mdomoni na ukaamka sukari imepanda.

Jambo hili si geni. Mwaka 1855 Mfaransa Claude Bernard alichukua ini la mbwa aliyekuwa akilishwa nyama tupu, akapitisha maji kwenye mishipa yake hadi sukari yote ikaisha, akaliacha. Kesho yake akapima akakuta sukari imerudi. Ini lililokwisha kutolewa mwilini, Rehema, na bado linatoa sukari! Msomee shemeji hapo, akuombe radhi.

Sasa kilichoninyima usingizi. Uliandika mstari mmoja wa haraka, kama unayemsimulia mtu wa mtaa wa pili: "Ultrasaundi imeonyesha mafuta kidogo kwenye ini, ila mimi sinywi pombe, kwa hiyo si kitu." Nimeusoma mstari huo mara ngapi sijui. Mama yangu hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe. Hata dawa ya kikohozi huuliza kwanza ndani mna nini.

Zaidi ya nusu ya wenye kisukari cha aina ya pili wana mafuta kwenye ini, na wengi hawana habari kwa sababu hayaumi. Vitu hivi viwili vinalishana. Mwili usiposikia insulini, mafuta hukimbilia kwenye ini. Ini lenye mafuta huzidi kutoisikia insulini na kumwaga sukari na mafuta kwenye damu. Kongosho nalo hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi mpaka linachoka. Huko nyuma jina la ugonjwa wenyewe lilikuwa limefungwa kwenye neno pombe, ati "usiotokana na pombe". Mwaka 2023 wataalamu wakalibadilisha, wakalifunga kwenye kisukari, uzito, presha na mafuta ya damu. Nilifurahi niliposikia, maana lile jina la zamani liliwafanya watu kama Mama wajione hawahusiki.

Kwa wengi mafuta hubaki mafuta. Kwa baadhi huleta uvimbe wa ndani, uvimbe ukaacha makovu, na makovu yakiendelea kwa miaka ini hukakamaa na kusinyaa. Madaktari huyapima kwa ngazi, kuanzia 0 hadi 4. Ya 4 ndiyo sirosisi. Humo ndimo alimokutwa Mama.

Sijawahi kukusimulia yote, wacha nikusimulie. Amekuwa na kisukari miaka kumi na minane, sukari yake ni ya kusumbua, unamkumbuka. Mwaka juzi ikaanza kushuka yenyewe. Kipimo cha miezi mitatu kilichokuwa 8.4 kikaja 5.8. Pale kliniki alikokuwa akienda wakampongeza, na sisi tukampongeza, mimi wa kwanza. Nilimkumbatia mlangoni na ile karatasi mkononi. Mikono yake ilikuwa imekonda, nikaihisi imekonda, nikadhani ni ile diet. Tumbo likawa linajaa, tukasema ni gesi. Viatu vikawa vinambana jioni. Hakuna aliyeyaunganisha hayo yote, si mimi, si wao.

Kisha usiku mmoja nikamsikia anaongea chumbani peke yake. Nikaingia nikamkuta amekaa kitandani, gauni limelowa jasho chapa, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Nikamchoma kidole. Nilipoona sukari 2.3, chini mno, nilidhani mashine imeharibika, nikachoma kingine. 2.2. Nilikoroga sukari kwenye maji mikono ikitetemeka, nyingi ikamwagika sakafuni. Alipozinduka akaniuliza kwa nini ninalia.

Hospitali tuliyompeleka baadaye walinieleza, na ndipo nilipoelewa tulichokuwa tukikishangilia. Ini lililojaa makovu halina tena pa kuweka akiba ya sukari, wala nguvu ya kutengeneza mpya usiku. Tena ini ndilo linaloondoa sehemu kubwa ya insulini kwenye damu. Likichoka, insulini hukaa muda mrefu zaidi, na vidonge vinavyolisukuma kongosho, kama glibenklamaidi aliyokuwa akimeza, vinazidi ukali. Ndiyo ikamwangusha. Na kile kipimo cha miezi mitatu? Kinasoma sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu za damu. Bandama la Mama lilikuwa limevimba kwa sababu ya ini hilo, linaziua chembe kabla ya siku zake, kwa hiyo zilikuwa changa mno kubandikwa sukari ya kutosha. Namba ikashuka ilhali baada ya kula sukari yake ilikuwa inapaa hadi 14. Ile 5.8 haikuwa ya kweli hata kidogo.

Siku hizi anapimwa kwa kidole, dawa zake zimebadilishwa zote, na kila usiku kabla ya kulala lazima ale kitu kidogo. Ni amri ya daktari. Mgonjwa wa sukari anayelazimishwa kula usiku! Ananung'unika, ila anakula, nami nakaa naye mpaka amalize. Tafadhali usiige hilo wewe, wala usiache metfomini, dawa yako ya sukari, kwa sababu umesoma kwamba Mama kaachishwa yake. Yeye ini limefika mahali pengine kabisa.

Nirudi kwenye hesabu yako. Daktari wa Mama alinionyesha kwa kalamu nyuma ya bahasha, inaitwa FIB-4, ya kukisia kama ini lina makovu. Unachukua umri, unazidisha kwa AST (hiyo na ALT ni vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu). Unaweka pembeni. Kisha unachukua chembe sahani, zile zinazogandisha damu, unazidisha kwa kipeuo cha pili cha ALT, yaani ile namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata ALT. Halafu unagawanya. Wewe una miaka 54, AST yako 38: inakuja 2052. Chembe sahani 165, ALT 36 ambayo kipeuo chake cha pili ni 6: inakuja 990. Ukigawanya unapata 2.07. Nimeirudia mara tatu. Ikiwa chini ya 1.3 mtu anaambiwa aendelee kujitunza na apime tena baadaye. Ikizidi 2.67 wasiwasi wa makovu ni mkubwa. Wewe uko katikati, na aliye katikati anatakiwa kupimwa ugumu wa ini kwa ile mashine inayowekwa ubavuni, hakuna sindano wala kulazwa.

Ona sasa: kila namba peke yake kwenye karatasi yako iko ndani ya mstari wa kawaida, ndiyo maana hakuna aliyekutia alama nyekundu. Zikikaa pamoja ndipo zinasema hebu tazameni hapa. Huenda mashine ikasema ini lako halina kovu lolote, nami nitafurahi mno. Inatokea mara nyingi. Ila siwezi kuliacha hili hewani baada ya yale niliyoyaona chumbani kwa Mama.

Na kama makovu yapo, wewe bado una nafasi ambayo Mama hakuipata. Ulisema una kilo 80. Ukipunguza asilimia 5, yaani kilo 4, mafuta kwenye ini yanapungua. Ukifika asilimia 7 hadi 10 hata uvimbe unatulia, na kwa wengine makovu hulegea. Kilo 8, Rehema, tena polepole, usijinyime chakula ukaanguka. Vinywaji vyenye sukari, hasa soda na juisi za kununua, hivyo viache leo hii. Sukari yake nyingine ini huigeuza mafuta moja kwa moja. Siku hizi kuna hata dawa zilizoidhinishwa Marekani kwa ini la namna hii, ya kwanza mwaka 2024. Daktari ndiye atakayesema kama zinakuhusu.

Ule unga wa "kusafisha ini" aliokuletea Mama Salma usiunywe. Najua anakupenda, na mimi nampenda. Lakini chochote unachomeza ini ndilo linalokishughulikia, na miti shamba mingine imeshaua maini mazima. Mwambie nimeuomba mimi, kisha uutupe.



Sasa nijibu haya. Je, walikupima homa ya ini B na C? C hutembea sana na kisukari, na kama huna B uombe chanjo. Chembe sahani zako mwaka juzi zilikuwa ngapi, unayo karatasi ya zamani? Kuna mtu wa kwenu aliyewahi kuumwa ini, yule baba mdogo alikufa na nini hasa? Viatu vinakubana jioni? Unajisikia umechoka kuliko ulivyozoea au unanificha? Na kliniki unarudi lini, naweza kuomba ruhusa kazini tukaenda wote? Nitaibeba hesabu yangu na kumwonyesha daktari mwenyewe kama wewe unaona haya.

Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini umsuke. Nijibu hata kama ni mstari mmoja, ila uanze na zile chembe sahani.

Wako,
Mwajuma